Kidole cha Maalim Juu ya Mkeka

Maalim wetu hakuwa na desturi ya kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Alikaa kitako mkekani, macho ameyafumba, na ulipoteleza katika kusoma alinyoosha kidole cha shahada, akagonga mkeka mara moja, kisha akanyamaza kama mtu asiye na safari wala miadi. Kosa liko wapi hakukuambia. Ulirudi mwenyewe mwanzo wa aya, ukasoma upya, na kama ulipita pale pale bila kutambua kitu, kidole kiligonga tena. Nakumbuka alasiri moja ya mvua kubwa nilipoirudia aya moja mara kumi na moja, mabati yakipiga kelele hadi nikawa siisikii sauti yangu mwenyewe. Maalim aliniashiria nisubiri, tukakaa kimya wote wawili mpaka mvua ikapungua, ndipo akasema, "Sasa soma, binti yangu, ujisikie."

Wiki mbili zilizopita tulikutana nyumbani kwake Mumias kwa ajili ya arobaini yake. Niliondoka Kisumu alfajiri kwa matatu ya kupitia Kakamega, nikafika kabla pilau haijatiwa mchele. Tangu jioni ya siku ile nimekuwa nikitaka kuandika niliyoyasikia, kwa sababu niliingia nyumbani mle nikiamini kwamba namjua Maalim, nikatoka nikiwa nimetambua kuwa nilimjua nusu yake tu, tena ile nusu ya mwisho.

Msomaji wa Pwani huenda akajiuliza ilikuwaje Qurani ikasomwa kwa bidii namna hiyo katikati ya mashamba ya miwa. Mji wetu zamani uliitwa Elureko, nao ulikuwa makao ya Nabongo Mumia, aliyewatawala Wawanga tangu mwaka 1882 hadi alipofariki mwaka 1949. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili waliotoka Pwani kwenda Buganda ilipumzika hapo, na baadhi ya watu wa misafara hiyo wakaoa, wakajenga, wakabaki. Walikuja na nguo na shanga, lakini walikuja na misahafu pia, na watu wa kwetu waliisikia Qurani ikisomwa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Maalim hakujihesabu kuwa mwanzo wa lolote. Kila tulipofungua madrasa baada ya Ramadhani, kazi yetu ya kwanza ilikuwa kumsomea Fatiha mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, ambaye alisoma Lamu katika Riyadha, msikiti na chuo kilichoasisiwa na Habib Saleh, aliyefariki mwaka 1935. Sisi tulikuwa watoto wenye kungojea uji, na majina hayo yalitupita masikioni. Leo ningetoa kingi kama ningekuwa nimeyaandika.

Darasa lilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Siku za shule tulifika baada ya alasiri, na Jumamosi na Jumapili tulisoma asubuhi hadi adhuhuri. Alhamisi kila mtoto alileta sarafu. Aliyekosa sarafu alileta kuni au mahindi, na aliyekosa vyote alikuja mikono mitupu na hakuulizwa. Tulianza kwa herufi, alifu haina kitu, be kitone kimoja chini, te vitone viwili juu, kisha tukaingia katika irabu, kisha Alhamdu, kisha Juzuu Amma, ambayo husomwa kutoka mwisho, mtoto akipanda sura baada ya sura, kuanzia An-Nas hadi An-Nabaa, sura 37 kwa jumla. Aliyemaliza hapo ndipo alipofunguliwa msahafu mkubwa kwa Al-Baqara. Wengi hawakufika huko.

Siku ya herufi kha naikumbuka kuliko zote. Miongoni mwetu walikuwamo watoto wa familia za mjini zenye asili ya Pwani, ambao Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko chetu, nao walikuwa wakitucheka sisi wa vijijini kwa namna tulivyovuta maneno. Ilipofika zamu ya Sura ya Iqra, wao ndio waliokwama, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kuilegeza kha ya Kiarabu katika maneno mengi ikawa ha tu. Maalim akatugeukia sisi tuliokaa nyuma, akauliza, "Ninyi mnamwitaje nyanya yenu?" Tukajibu kwa pamoja, "Kukhu!" Akatabasamu. "Basi hiyo kha Kukhu amekupeni bure. Msiipoteze." Kisha akatueleza kwamba khalaqa ni ameumba, lakini halaqa ni amenyoa, na kwamba anayelegeza kha katika aya ile ameondoa uumbaji wa Mola akaweka wembe wa kinyozi. Sidhani kwamba kuna siku nyingine katika utoto wangu ambayo lugha ya nyumbani kwetu ilipewa heshima kubwa hivyo na mtu msomi. Nilikwenda nyumbani nikimwita Kukhu njia nzima.

Sasa nirudi kwenye arobaini. Katika hitima msahafu hugawanywa juzuu 30, kila mtu akachukua yake, wote wakasoma kwa sauti ya chini wakati mmoja, na kabla chai haijapoa vizuri Qurani nzima huwa imesomwa. Najua wapo ndugu zetu wanaoona kwamba hitima ya arobaini haina msingi katika dini, na sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Baadhi yao walikuja pia, wakakaa nje chini ya mwembe, wakamwombea dua kwa namna yao, na Mama Maalim akawapelekea chai kama alivyowapelekea wengine. Juzuu zilipowekwa mezani, mimi niliharakisha mkono nikachukua Juzuu Amma, ile ya sura fupi nilizozihifadhi utotoni. Sababu ya haraka ile nitaieleza.

Baada ya dua na chakula hakuna aliyetaka kuondoka. Wanaume walikuwa barazani, sisi wanawake tulikuwa sebuleni, mlango ukiwa wazi kati yetu, na mazungumzo yakaanza kuvuka kizingiti. Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja anayeuza omena katika soko la Jubilee, hapa Kisumu. Yeye ni Mjaluo wa kuzaliwa. Aliolewa Mumias, akasilimu, na alipoanza kusoma alikuwa amepita miaka thelathini, akikaa mkeka mmoja na binti yake wa darasa la pili. Dholuo haina sauti ya shini, na kwa miezi mitatu Sura ya Ash-Shams ilimtoka kwa sini kila aliporudia. Alitusimulia kwamba alikuwa ameazimia kuacha. Siku aliyokuja kuaga, mtoto mchanga aliyekuwa mgongoni alianza kulia, naye akamtikisa akimnyamazisha kama mama yeyote anavyomnyamazisha mtoto, "Shhh, shhh." Maalim akafumbua macho.

"Mama, hiyo ndiyo shini. Siku zote unayo. Ulikuwa umemwekea mtoto peke yake."

Kisha akamweleza hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyopokelewa kutoka kwa Bi Aisha, kwamba anayeisoma Qurani kwa ustadi yu pamoja na malaika watukufu, na anayeisoma kwa kusitasita huku ikiwa nzito kwake ana ujira mara mbili. Mama yule alisema kwamba katika maisha yake yote hakuwa amewahi kusikia kuwa uzito wa ulimi unaweza kuandikiwa malipo. Hadi leo huisoma Ash-Shams asubuhi anapopima omena kwa gorogoro, na wateja wake wamezoea.

Baada yake tulisimulia mengi ya namna hiyo: jinsi Maalim alivyolima shamba lake mwenyewe na kuja darasani na udongo kwenye kucha, jinsi alivyokataa kupokea zawadi kutoka kwa mzazi mbele ya mtoto ambaye mzazi wake hakuleta kitu. Tulikuwa tumetulia katika sifa hizo, ndipo mzee mmoja, dereva mstaafu wa matrekta ya kubebea miwa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliposema, "Ninyi mnamzungumza mtu mwingine. Mimi nilisomeshwa na henzirani."

Sebule ilinyamaza. Mzee akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba Maalim wa ujana, wakati yeye mwenyewe alikuwa mtoto, alikuwa mkali ajabu, na kwamba fimbo yake ya henzirani aliiloweka katika maji usiku ili isivunjike mchana. "Mgongo wangu unamkumbuka vizuri," alisema. Nakiri kwamba nilimkasirikia mzee yule. Niliona kwamba arobaini ya marehemu haikuwa mahali pa maneno hayo, na nikamtazama Mama Maalim nikitarajia kwamba angeyakatiza. Hakuyakatiza. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Mwache amalize, mwanangu."

Mzee akaendelea. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyeletwa na baba yake kutoka shambani, mtoto mtulivu, aliyekuwa hafahamu herufi hata moja. Akioneshwa be kwenye ubao alisema nuni. Akioneshwa nuni alisema lolote lililomjia. Maalim alidhani kwamba ni ukaidi, na kwa wiki tatu mtoto yule alichapwa karibu kila siku. Kisha siku moja Mama Maalim alileta uji, akamnyooshea mtoto yule kikombe, na mkono wa mtoto ukapita kando ya kikombe, ukapapasa hewa, ukarudi, ukapapasa tena. Maalim aliuona mkono ule. Mzee alisema kwamba uso wa Maalim ulibadilika kama uso wa mtu aliyepokea habari ya msiba. Alimshika mtoto mkono, akatoka naye bila kutuambia neno, akatembea naye hadi shambani kwa baba yake, na mzee yule, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mwenye udadisi, akawafuata nyuma. Alimwona Maalim akikaa chini kwenye udongo mbele ya mkulima aliyeshika jembe, akimwomba msamaha, na alipokwisha kumwomba baba, akamgeukia mtoto akamwomba na yeye.

Kesho yake henzirani iliwekwa juu, kati ya boriti na mabati. Haikushuka tena. Mwaka 2001 serikali ilipopiga marufuku viboko katika shule za Kenya, fimbo ile ilikuwa imeshakaa juu miaka mingi ikiliwa na mchwa, na sisi tuliosoma miaka ya tisini tulikuwa tukiiona tukidhani kuwa ni kipande cha ujenzi.

Wiki hiyo hiyo Maalim aliacha utaratibu wa masomo, akalisomesha darasa zima Sura ya Abasa, ingawa wengi hawakuwa wameifikia. Ni sura ya 80, ina aya 42, na inaanza kwa habari ya Mtume aliyekunja uso na kugeuka pale alipojiwa na Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, wakati akizungumza na wakubwa wa Makureshi, na aya zikashuka kumzindua. Mzee alisema kwamba Maalim aliisomesha sura ile akilia, akafuta uso kwa ncha ya kanzu, akaendelea. "Kabla ya hapo," mzee akamalizia, "alikuwa akitusikiliza macho wazi. Kuanzia hapo ndipo alipoanza kuyafumba."

Miaka yote niliyokaa mbele ya Maalim nilidhani kwamba macho yale yaliyofumbwa ni uchovu wa shamba.

Tuligeuka, wote kwa pamoja, kumtazama Ustadh, aliyekuwa amekaa karibu na kizingiti, fimbo yake nyeupe imelazwa magotini. Nilimkuta katika madrasa ile akiwa kijana, tayari amehifadhi juzuu zote 30, akitusikiliza sisi wadogo pale Maalim alipokuwa na darasa la wakubwa. Tulimwogopa kuliko Maalim kwa jinsi masikio yake yalivyokuwa makali. Kwamba alikuwa ndiye mtoto wa kikombe cha uji, hakuna hata mmoja wa rika langu aliyejua.

"Mzee amesahau jambo moja," alisema Ustadh. "Tulipokuwa tukirudi kutoka shambani kwa baba aliniuliza, 'Wewe unasikia nini?' Watu wote walikuwa wakiniuliza ninaona nini. Nikamwambia kwamba asubuhi, mtu wa tatu kutoka kwangu alikuwa akisoma vibaya na hakuna aliyemsahihisha. Akasimama njiani, akaniuliza kosa lilikuwa wapi. Nikamsomea."

Hakuongeza kitu, wala sisi hatukumuuliza zaidi.

Sasa nieleze kwa nini niliikimbilia Juzuu Amma. Mimi ni mmoja wa waliofunguliwa msahafu mkubwa, na mwishoni mwa mwaka 1998 nilifika Sura ya Maryam, ambayo inaanza kwa herufi tano zinazosomwa moja moja: Kaaf, Haa, Yaa, Ayn, Swaad. Si aya ndefu, lakini ina kazi kubwa, kwani Kaaf na Swaad huvutwa kwa harakati sita, yaani vipimo vya urefu wa sauti, Haa na Yaa mbili tu, na Ayn iliyo baina yake huvutwa nne au sita, tena ni herufi ambayo koo za kwetu huhitaji kuitafuta chini sana. Maalim alinihesabia harakati kwa kukunja vidole vyake kimoja kimoja. Jioni ile nzima tulisoma aya hiyo moja, na hatukuimaliza kwa namna aliyoiridhia. Januari nikaenda shule ya bweni kidato cha kwanza.

Niliporudi likizo ya Aprili ulimi wangu ulikuwa umeshakuwa mzito, nami niliona haya. Nikawa napita njia ya nyuma, ya shambani, ili nisipite mbele ya banda. Maalim alimtuma mama yangu salamu: "Mwambie tuko pale pale kwenye Kaaf." Sikwenda. Likizo ya Agosti sikwenda pia, na baada ya hapo jambo likajizoesha lenyewe. Nikasoma uuguzi, nikapata kazi Kisumu, nikaolewa, nikazaa. Kila sikukuu ya Idi nilipofika Mumias nilimwamkia, naye aliniuliza habari za watoto na kazi ya zamu za usiku, na hakunitajia Qurani hata mara moja. Nilidhani kwamba amesahau, na kwa kweli nilijifariji kwa kudhani hivyo. Alipofariki nilikuwa kazini, nikafika baada ya maziko.

Watu walipoanza kuaga, Ustadh aliniita kutoka kizingitini. "Dada, wewe ndiye uliyesoma Amma leo. Nimeijua sauti." Nikaitika. "Kwa Maalim uliishia wapi?"

"Maryam."

"Aya ya ngapi?"

"Ya kwanza."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Alikuwa akiniambia habari za mtu wa Kaaf. Sikujua kuwa ni wewe. Leta msahafu."

Nilikaa ndani ya kizingiti, yeye akakaa nje yake, Mama Maalim akiwa kati yetu na sinia la vikombe mapajani. Nilisoma Kaaf nikikunja vidole vyangu mwenyewe, nikapita Haa na Yaa, na nilipofika Ayn kidole chake kiligonga mkeka. Nikarudi mwanzo. Kikagonga. Nikarudi. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi kilipoacha kugonga, maana nilikuwa nimeacha kuhesabu, nikaona kwamba nimevuka na niko katika aya ya pili, kisha ya tatu, pale Zakariya anapomwita Mola wake kwa wito wa siri. Katika aya ya nne anasema kwamba mifupa yake imedhoofika na kichwa chake kinawaka mvi. Utotoni ningeisoma aya hiyo nikihesabu harakati tu. Safari hii nilikiona kichwa cha Maalim, jinsi kilivyokuwa Idi iliyopita alipokuwa ameegemea ukuta akiniuliza habari za zamu za usiku, na sauti ikanikatika. Ustadh hakugonga. Alisubiri, kama vile Maalim alivyoingojea mvua, mpaka adhana ya alasiri ilipoanza na sote tukainuka.

Jumamosi iliyopita nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikapanda tena matatu ya Kakamega. Tumefika aya ya 12, pale Yahya anapoambiwa akishike Kitabu kwa nguvu, na kha ya khudhi ilinitoka sawasawa mara ya kwanza.